Nyumba za Wenyeji, Jina la Mgeni

Nje kidogo ya Mji Mkongwe wa Unguja, kwenye njia inayotoka Malindi kuelekea Bububu, lipo jumba ambalo watu hulijua kwa jina la Nyumba ya Livingstone. Aliyejengewa jumba hilo ni Sultani Majid bin Said, yapata mwaka 1860. Daktari David Livingstone alifikia humo mwaka 1866 akijiandaa kwa safari yake ya mwisho ya bara, akakaa muda usiofika miezi miwili, akaenda zake. Majid naye alikuwa na jambo jingine mkononi miaka hiyohiyo: alikuwa akijenga mji mpya ng'ambo ya bahari, penye kijiji cha Mzizima, akauita Dar es Salaam. Mji ule hakuupa jina lake, na jumba alilomwazima mgeni likaishia kuitwa kwa jina la mgeni.

Mambo hayakuishia Unguja. Kutoka pwani hadi Ziwa Bangweulu na chini hadi Mto Zambezi, jina la Livingstone limebandikwa kwenye nyumba, minara, milima, vyuo na miji. Karibu vyote hivyo ama vilikuwa mali ya watu wengine, ama vilijengwa na watu wengine yeye akiwa tayari kaburini. Anayevifuata kimoja baada ya kingine hukutana na waliompokea Mskoti yule, waliombeba, na waliolishika jina lake baadaye kwa shughuli zao wenyewe, njema na mbaya.

Nyumba aliyozaliwa ilikuwa chumba kimoja. Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, kando ya Mto Clyde, Uskoti, katika jengo la wafanyakazi wa kiwanda cha pamba liitwalo Shuttle Row. Familia 24 zilibanana humo. Alipofika miaka 10 alianza kazi kiwandani: kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku alikuwa kwenye mitambo akiunga nyuzi zilizokatika, na kazi ikiisha alikwenda shule ya usiku. Babu yake alikuwa amehamia hapo kutoka kisiwa cha Ulva, kilimo kilipokosa kuwatosha. Leo jengo lile ni makumbusho, na limekuwa hivyo tangu mwaka 1929.

Enzi hizo familia iliandika jina lake bila herufi ya mwisho, Livingston, na David mwenyewe alitia saini hivyo ujanani. Ndiyo maana baadhi ya majina ya kwenye ramani hudhaniwa kuwa yake. Mji mpya wa Livingston ulioanzishwa mwaka 1962 magharibi ya Edinburgh ulirithi jina la kijiji cha kale kilichokuwa pale karne nyingi kabla ya daktari. Livingston ya Guatemala, kwenye pwani ya Karibi, ilipewa jina la Edward Livingston, mwanasheria wa Marekani ambaye sheria alizoziandika ziliwavutia watawala wa nchi hiyo. Miji hiyo ilishirikiana na daktari wa Blantyre jina tu.

Nyumba aliyoijenga kwa mikono yake ipo Botswana, magharibi ya Gaborone, na imebaki misingi na mawe. Ni Kolobeng, alikoishi kuanzia 1847 na mkewe, Mary Moffat, binti wa mmisionari wa Kuruman. Hapo alimbatiza Sechele, mfalme wa Bakwena. Hapo pia walimzika binti yao Elizabeth, aliyefariki akiwa na umri wa wiki chache mwaka 1850. Mwaka 1852 Makaburu waliwashambulia Bakwena na kuipora nyumba ile wenyewe wakiwa hawapo. Livingstone hakujenga tena makazi ya kudumu ya familia. Mary na watoto alikuwa amewapeleka Uingereza, ambako waliishi kwa kuhamahama na kwa kubana matumizi, huku yeye akivuka bara kutoka Luanda hadi Quelimane na kuyaona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya mwezi Novemba 1855. Maporomoko hayo akayapa jina la malkia wake, Victoria. Kitabu chake cha 1857 kilipotoka, jina la mtoto wa kiwandani likawa mdomoni mwa kila Mwingereza.

Jina kubwa lilimlemea mtu wa nyumbani. Robert, mwanawe wa kwanza, hakuelewana na baba aliyemwona kwa nadra. Alikwenda Marekani wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, akajiandikisha katika jeshi la Kaskazini kwa jina la Rupert Vincent, na akamwandikia baba yake kwamba alikuwa ameliacha lile la Livingstone asije akalivunjia heshima zaidi. Alitekwa, akafia gerezani huko Salisbury, North Carolina, mwezi Desemba 1864, akiwa na miaka 18. Mama yake alikuwa amekwisha kufa kwa homa miaka miwili kabla, huko Shupanga kwenye Mto Zambezi.

Livingstone, sasa akiwa mgane, ndiye aliyeteremka Unguja tarehe 28 Januari 1866. Alikuja kwa meli ya Thule, ambayo serikali ya Bombay ilikuwa ikimpelekea Majid kama zawadi. Sultani alimpa jumba la kukaa. Hapo mgeni alikuwa katika hali ya ajabu: adui wa biashara ya utumwa alilala katika nyumba ya mtawala ambaye hazina yake ilijazwa na ushuru wa watumwa, na matembezi mafupi tu yalimfikisha sokoni Mkunazini walikonadiwa. Aliishutumu biashara ile katika maandishi yake yote, lakini mwenyeji wake hakumnyima msaada. Tarehe 19 Machi, siku aliyotimiza miaka 53, aliondoka Unguja, na siku chache baadaye akashuka Mikindani. Huko nako kuna nyumba yenye kibao cha kumkumbuka.

Safari hiyo ilimfanya awategemee watu aliotaka kuwaharibia biashara. Dawa zake ziliibwa, vifaa alivyoagiza vilichelewa au kutoweka, na kwa miaka kadhaa alisafiri na kula na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili. Muhammad bin Gharib alimuuguza na kumbeba alipokuwa hawezi hata kutembea. Tippu Tip alikutana naye mwaka 1867. Ujiji haukuwa pori ambamo Mzungu alipotelea, ingawa magazeti ya Ulaya na Marekani yaliueleza hivyo. Ulikuwa mji wa soko kando ya Ziwa Tanganyika, wenye misafara ya pembe za ndovu, chumvi, samaki na watumwa. Livingstone alirudi hapo mwaka 1871 akitokea Manyema, ambako huko Nyangwe alikuwa ameshuhudia watu wakiuawa kwa bunduki katikati ya soko, akakuta Sharifu aliyekabidhiwa bidhaa zake amekwisha kuziuza. Siku chache baadaye msafara wa mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, aliyekuja kumtafuta, ukaingia mjini. Mahali walipokutana pamewekewa mnara wa kumbukumbu, na miembe iliyopo inasemekana kuwa uzao wa mwembe uliowapa kivuli.

Wawili hao walikwea mtumbwi kuelekea kaskazini mwa ziwa. Huko Mugere, kusini ya Bujumbura, liko jiwe lililochorwa majina yao na tarehe 25 Novemba 1871. Kisha wakaja pamoja hadi Kwihara, karibu na Tabora.

Tembe la Kwihara, ambalo sasa ni makumbusho, lina kisa kinachofanana na cha jumba la Unguja. Waarabu wa Unyanyembe walimpa Stanley alipopita mara ya kwanza, wakati wakiwa vitani na mtemi Mirambo aliyekuwa ameifunga njia ya Ujiji. Waliporudi wawili, Livingstone akakaribishwa humo. Stanley aliaga mwezi Machi 1872 akirudi pwani. Livingstone akabaki hadi Agosti akisubiri wapagazi. Jengo linaloonekana leo limejengwa upya kwa mtindo uleule wa paa la udongo la kutandazwa, na mlangoni anatajwa mgeni kuliko wenyeji waliolitoa.

Kati ya waliokuwa pale na Livingstone alikuwemo mpishi wake, Halima. Alikuwa mtumwa, na Livingstone aliandika akimsifu kwa uangalifu na uaminifu. Aliahidi kwamba wakifika Unguja atamwachia huru kisheria na kumnunulia nyumba na shamba. Nyumba hiyo haikununuliwa na Livingstone, kwa kuwa hakufika tena Unguja akiwa hai.

Alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha chifu Chitambo, kusini ya Ziwa Bangweulu, ndani ya kibanda ambacho watu wake walikuwa wamemjengea kwa haraka. Hapo uamuzi ukawa wa Abdallah Susi na James Chuma. Susi alikuwa mtu wa Shupanga aliyewahi kuwa baharia katika boti za Livingstone kwenye Zambezi. Chuma alikuwa Myao aliyetolewa katika msafara wa watumwa mwaka 1861, akiwa mtoto, na kupelekwa kwenye misheni ya Magomero. Wangeweza kumzika palepale wakaenda zao. Badala yake walimwomba Chitambo ruhusa, wakauzika moyo chini ya mti, na Jacob Wainwright, aliyesomeshwa katika shule ya wamisionari huko Nasik, India, akasoma maombi ya mazishi na kuchonga maandishi kwenye shina. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani, wakaufunga kwa kitambaa na gome la mti.

Ndipo ikaanza safari ya miezi mingi kuelekea pwani. Walipofika Unyanyembe walimkuta afisa wa Kiingereza, Verney Lovett Cameron, aliyewashauri wamzike huko. Walikataa. Mbele kidogo, walipoona kwamba wenyeji hawataruhusu maiti ipite katika nchi yao, walitengeneza furushi lililofanana na maiti, wakawatuma watu kurudi nalo kana kwamba wanakwenda kulizika, na mwili wenyewe wakaufunga upya ufanane na robota la nguo. Hila ikafaulu. Mwezi Februari 1874 waliingia Bagamoyo na kuuweka mwili katika misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu. Kanisa la kwanza la misheni hiyo sasa huitwa Mnara wa Livingstone kwa sababu mwili ulilala hapo usiku mmoja. Meli ya Kiingereza ikauchukua. Daktari aliyeupima London aliuthibitisha kwa mfupa wa mkono uliokuwa umevunjwa na simba huko Mabotsa mwaka 1844, na tarehe 18 Aprili ukazikwa Westminster Abbey. Wainwright alikuwa miongoni mwa waliolishika jeneza. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye, mazishi yakiwa yamekwisha, wakamsaidia Horace Waller kupanga shajara za mwisho kwa ajili ya kuchapishwa.

Walirudi nyumbani na kuendelea na kazi waliyoijua. Chuma aliongoza misafara ya Askofu Steere na ya Joseph Thomson, akafa Unguja mwaka 1882. Susi alikuwa na Stanley huko Kongo mji wa Leopoldville ulipoanzishwa, huo ambao leo ni Kinshasa. Mwaka 1886 alibatizwa, na jina alilochukua ni David. Wainwright alifia Urambo mwaka 1892. Kanisa kuu la Kianglikana la Mkunazini, lililojengwa penye soko la watumwa baada ya Sultani Barghash kulifunga mwaka 1873, lina msalaba uliotengenezwa kwa mti wa Chitambo.

Mazishi ya Westminster yaliwasha moto Uskoti. Mwaka uleule James Stewart alilitaka Kanisa Huru la huko lianzishe kituo cha kumkumbuka Livingstone kwenye Ziwa Nyasa. Kikafunguliwa mwaka 1875 huko Cape Maclear, kikaitwa Livingstonia. Homa iliua watu wengi mno pale, hivyo mwaka 1881 kikahamia Bandawe, na mwaka 1894 Robert Laws akakipandisha hadi Khondowe, juu ya uwanda ulio mbali na mbu. Yaani jina lilisafiri mara mbili na kuviacha vituo vya kwanza nyuma. Nyumba ya mawe aliyoishi Laws ni makumbusho sasa.

Shule ya Livingstonia ilitoa walimu, makarani na wachungaji waliotawanyika nusu ya Afrika ya kusini. Clements Kadalie, aliyepitia elimu yake, alianzisha chama kikubwa cha wafanyakazi Weusi huko Cape Town mwaka 1919. Levi Mumba alikuwa rais wa kwanza wa Nyasaland African Congress mwaka 1944. Mwingine alikuwa mwalimu David Kaunda, aliyevuka mpaka kwenda kufundisha upande wa Chinsali na kuanzisha misheni ya Lubwa. Mwanawe Kenneth alizaliwa huko mwaka 1924.

Waskoti wa kanisa jingine walifika nyanda za Shire mwaka 1876 na kukiita kituo chao Blantyre. Kijiji cha viwanda cha Clyde kikapata wajina wake Afrika, na wajina huyo akakua hadi kuwa jiji kuu la biashara la Malawi. Hapo kuna Nyumba ya Mandala, iliyojengwa mwaka 1882 kwa ajili ya wakubwa wa kampuni ya African Lakes. Mandala ni jina ambalo watu wa pale walimpa meneja John Moir kwa ajili ya miwani yake, na likawa la nyumba, la kampuni na la mtaa. Jiji hilo lina pia Kanisa la Mtakatifu Mikaeli, lililokamilika mwaka 1891. Mmisionari David Clement Scott alilichora bila kusomea usanifu, na wafanyakazi wa hapo wakalipandisha kwa matofali waliyoyafyatua wenyewe.

Mji wa tatu ulizaliwa na reli. Walowezi wa kwanza karibu na Mosi-oa-Tunya waliishi Old Drift, kivukoni, walikokufa kwa homa. Daraja la reli lilipofunguliwa mwaka 1905 waliwekwa mahali pa juu zaidi, na makazi hayo yakaitwa Livingstone. Kuanzia 1911 hadi 1935 yalikuwa makao makuu ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, kabla Lusaka haijachukua nafasi. Hata hadhi ya kuwa makao ya Mkoa wa Kusini ulihamishiwa Choma baada ya uamuzi wa mwaka 2011, na Livingstone ikabaki na watalii wa maporomoko na makumbusho yaliyoanzishwa mwaka 1934.

Uhuru ulipofika, majina ya wakoloni yalifutwa kwa wingi. Fort Jameson ikawa Chipata, Abercorn ikawa Mbala, Broken Hill ikawa Kabwe. Huko Kongo, Leopoldville na Stanleyville zikawa Kinshasa na Kisangani. Makumbusho yale ya mjini Livingstone, yaliyokuwa yakiitwa Rhodes-Livingstone, yaliondoa nusu ya kwanza ya jina na kuacha ya pili, na huo ndio ufupisho wa hukumu ya viongozi wapya: Rhodes wa Rhodesia alichukua ardhi, Livingstone alipiga kelele dhidi ya utumwa. Viongozi wengi walikuwa watoto wa misheni zilizoanzishwa kwa ajili yake. Rais Kenneth Kaunda, mtoto wa Lubwa, alimsifu katika kumbukumbu ya miaka 100 ya kifo chake mwaka 1973 kama mpigania uhuru. Na kule alikofia, Zambia imeipa wilaya nzima jina la mwenyeji, Chitambo.

Hata hivyo Livingstone aliita pia biashara na walowezi, na Malawi inaujua upande huo kwa majina yake kamili. Binti yake Agnes aliolewa na Alexander Low Bruce, tajiri wa Uskoti aliyejipatia ardhi kubwa kusini mwa Nyasaland. Shamba lake la Magomero, lenye ekari zaidi ya 160,000, lilirithiwa na wajukuu wa daktari, David Livingstone Bruce na Alexander Livingstone Bruce. Ni Magomero ileile ambako Chuma aliletwa akiwa mtoto aliyetoka utumwani. Sasa watu waliishi humo kwa mfumo wa thangata: mpangaji alilipia kodi ya kibanda kwa kumfanyia kazi mwenye shamba, mara nyingi majira yaleyale ambayo shamba lake mwenyewe lilimhitaji. Shule hazikuruhusiwa. Meneja wa shamba alikuwa William Jervis Livingstone, Mskoti anayesemekana kuwa wa ukoo uleule kwa mbali, aliyejulikana kwa kuwapiga wafanyakazi na kuyachoma makanisa ambayo mchungaji John Chilembwe alikuwa ameyajenga ndani ya eneo la shamba.

Usiku wa tarehe 23 Januari 1915 wafuasi wa Chilembwe waliingia nyumbani kwa meneja na kumkata kichwa. Wengine walilivamia ghala la Mandala huko Blantyre kutafuta bunduki. Wanawake na watoto wa Kizungu hawakuuawa, walisindikizwa wakaachiliwa. Jumapili asubuhi Chilembwe aliendesha ibada kichwa kile kikiwa kimewekwa kanisani. Uasi ulizimwa ndani ya siku chache, na yeye mwenyewe akapigwa risasi tarehe 3 Februari.

Malawi imeiweka sura yake kwenye noti za kwacha na kumtengea siku ya mapumziko ya kitaifa, tarehe 15 Januari. Siku hiyo ofisi za Blantyre hufungwa kwa heshima ya mtu ambaye wafuasi wake walimuua Livingstone mmoja, katika jiji lililopewa jina la kijiji alichozaliwa mwingine.